Fundi wa Maji wa Hounslow

Surinder Kaur alikuwa na mke mwenza, na mke mwenza mwenyewe alikuwa na magurudumu manne, kitanda, sinki na jiko la gesi la plati mbili. Mumewe, Avtar Singh, alimnunua mwaka aliostaafu. Akampaka rangi upya, akamwekea mapazia ambayo Surinder ndiye aliyeyashona ingawa sifa zilikwenda kwingine, na kuanzia hapo kila Jumamosi, mvua inyeshe isinyeshe, alikuwa nje ya nyumba yao Hounslow akimfuta vumbi kwa kitambaa laini ambacho hata miwani yake mwenyewe hakuwahi kuipa.

"Mimi ulinioa kwa sababu wazee walikuambia," Surinder alimwambia siku moja akiwa mlangoni. "Huyu umemwoa kwa mapenzi."

"Huyu hapigi kelele," Avtar akajibu, akaendelea kufuta.

Kiswahili hicho walikuja nacho kutoka Tabora. Nyumbani kwao kila lugha ilikuwa na kazi yake: Kipunjabi kilikuwa cha gurdwara, hekalu lao la Kisingasinga, na cha wakubwa, Kiingereza cha hospitali na majirani, na Kiswahili kilikuwa cha utani, ugomvi na mambo ambayo mtoto hakutakiwa kuyasikia. Matokeo yake mzazi yeyote mwenye akili angeyatazamia. Mtoto wao wa pekee, Balwinder, alisinzia kwenye madarasa ya Kipunjabi ya Jumapili, lakini Kiswahili alikitegea masikio yote mawili kupitia ukutani, akakua akielewa kila neno. Kujibu, alijibu kwa Kiingereza. Hata sasa, mtu mzima mwenye mke na mvi za kwanza kwenye ndevu, mama yake akimsemesha Kiswahili yeye humjibu kwa Kiingereza, na wanaelewana bila taabu yoyote.

Surinder alizaliwa huko Tabora, kwenye kota za reli. Baba yake alikuwa seremala wa mabehewa, na nyumba yao ilipakana na mnara wa maji, pale gari moshi liliposimama kunywa kabla ya kuondoka kwenda Kigoma au Mwanza. Bwana mkubwa wa mnara ule alikuwa Fundi Mrisho, Mmanyema mrefu, mkali, ambaye aliwahi kuona injini ikiondoka na koki moja imesahauliwa wazi, ikafia porini kabla ya Kaliua, abiria wote wakakwama nayo, na hakutaka kuliona jambo hilo tena. Kwa hiyo hakumruhusu mwanafunzi kugusa maji kimyakimya. Fundi Mrisho alisimama pembeni, mikono nyuma, akaita. Mwanafunzi alifanya, kisha akaitikia.

"Chini?"

"Pamefungwa."

"Mdomo?"

"Umefutwa."

"Mpira?"

"Umenyooka."

"Pumzi?"

"Iko wazi."

"Haya, mpe."

"Anakunywa."

Aliyekosea alianza upya tangu mwanzo, hata treni ichelewe, hata Mzungu wa stesheni apige filimbi mpaka mashavu yamuume. Surinder alikuwa msichana mdogo, na alfajiri zake zote zilianza na wito huo. Sauti ya kuitikia ilibadilika kila mwanafunzi alipobadilika, mpaka mwaka mmoja ikaja sauti mpya, nzito kidogo, isiyo na wasiwasi, iliyosema "anakunywa" kama mama anayemsifia mtoto wake mezani. Ukuta uliotenganisha ua wao na mnara ulikuwa mrefu, hakumwona mwenye sauti. Alipokuja kumwona Avtar, kijana wa Kisingasinga mwenye kilemba kilicholowa na kupinda, alikuwa ameshampenda siku nyingi. Baadaye wazee wa pande mbili walipokutana na kuafikiana, wakijiona wao ndio waliopanga kila kitu, Surinder aliinamisha uso kama ilivyotakiwa akawaachia furaha yao.

Walikuja London mwishoni mwa miaka ya sitini, kazi za reli zilipoanza kukabidhiwa wananchi nao mikononi wana pasi za Waingereza. Avtar alipata kazi kwenye karakana ya uwanja wa ndege. Surinder alianza kwa kupanga vyakula vya abiria kwenye sinia, vijiko huku, siagi kule, akachoka, akasema anataka kuendesha yale malori yanayoinua chakula mpaka kwenye mlango wa ndege. Walimcheka. Mtu mfupi kiasi hicho, akikaa kwenye usukani alilazimika kuweka mto ili aione barabara. Wakamwona anavyorudi nyuma chini ya bawa la ndege bila kugusa kitu, wakaacha kucheka. Ndiyo maana hata mke mwenza alipoingia nyumbani, dereva alikuwa Surinder. Avtar alikaa kushoto kwake akilisifia gari, si dereva.

Safari yao waliyoipenda ilikuwa ya kwenda kwenye kambi moja ng'ambo ya Woolwich, uwanja wenye miti mikubwa ambako watu huegesha magari yao ya kulalia na kukaa siku mbili tatu. Majirani wa Hounslow hawakuielewa. Watu wanafunga mizigo, wanaaga, wanakaa kwenye foleni nusu ya siku, halafu wanafika London hiyo hiyo waliyotoka. Tena, walisema, mtu aliyechota maji kwa ndoo utotoni ana wazimu gani wa kwenda kuchota maji tena uzeeni, na nyumbani ana bomba la moto na la baridi?

Lakini maji hayo hayo ndiyo aliyoyafuata Avtar. Kila kiwanja pale kilikuwa na bomba lake, na tangi la gari lilipaswa kujazwa kabla mtu hajachemsha hata kikombe cha chai. Avtar aliukunjua mpira wa buluu, ule wa maji ya kunywa, na ole wako uuchanganye na wa bustani. Aliufuta mdomo, akaunyoosha majanini, akautia kwenye tundu la ubavuni mwa gari, akafungua bomba taratibu, akatulia akisikiliza maji yanavyopanda. Surinder alimtazama kupitia dirishani akaona bega lile lile la Tabora. Hakumwambia, maana mwanamume akishaambiwa jambo kama hilo hasemeki tena.

Kisha Avtar akaanza kusahau.

Ilianzia kwenye koki ya chini, ile ya kumwagia maji tangi linapotakiwa kuwa tupu. Mkono wake mdogo mwekundu ulitokeza karibu na ngazi ya mlango, na kabla ya kujaza ilibidi ufungwe, la sivyo maji yanayoingia juu yanatokea chini. Siku moja Avtar alikwenda moja kwa moja kwenye bomba na mkono uko wazi. Surinder aliuona. Akajifanya anatafuta kandambili yake, akashuka ngazi, akausukuma mkono ule kwa kidole gumba cha mguu. Safari iliyofuata alitafuta tena kandambili. Kwa miaka miwili kandambili ya Surinder ilipotea kila walipofika kambini, mpaka Avtar mwenyewe akasema hajawahi kuona viatu vinavyotembea bila mwenyewe namna ile.

Daktari alikuwa ameshautaja ugonjwa huo wa kusahau, nao watatu, baba, mama na mwana, walikuwa wameketi pamoja wakasikia. Lakini umefika wapi, hilo kila mmoja alilibeba kivyake. Surinder hakumwambia mwanawe habari za koki. Hakumwambia kwamba Avtar huamka akauliza kama mvua imenyesha Tabora. Nyumbani Hounslow mumewe alikuwa amegeuka mtu wa kukatazwa: usiguse gesi, usiguse birika, usitoke peke yako. Aliketi dirishani akahesabiwa kuwa mtulivu. Kambini tu, mpira wa buluu ukiwa mkononi, ndipo alipokuwa mtu mwenye kazi yake, na Surinder alikuwa tayari kupoteza kandambili mpaka kiama ili asinyang'anywe hilo.

Siri ikamponyoka Surinder Aprili. Alikuwa amekwenda kuoga kwenye mabafu ya kambi, akarudi akakuta Avtar amelinywesha gari peke yake. Koki ya chini wazi, bomba limefunguliwa mpaka mwisho, na maji yameteremka mpaka ndani ya hema la jirani, mama mmoja wa Kiingereza aliyekuwa ameamka na magodoro yake yakielea. Zipporah, mlinzi wa kambi, Mkamba wa Machakos aliyeishi Woolwich na kuwapenda wazee hawa kwa sababu walimsalimia kwa Kiswahili, hakuwa na la kufanya. Taratibu za kambi zilisema jamaa apigiwe simu. Akampigia Balwinder.

"Mnisamehe, Mama," alimwambia Surinder. "Nisipopiga mimi, atapiga mwingine, na huyo hatasema kwa upole."

Balwinder hakufoka. Angefoka, Surinder angejua pa kumshika. Alikaa jikoni kwao Hounslow, akazungusha kikombe, akasema kwa Kiingereza chake cha upole kwamba amepata mtu wa Southall anayelitaka gari.

"Baba yako utakuwa umemuua," Surinder akamwambia kwa Kiswahili.

Balwinder akakisukuma kikombe kando. Mwishowe akasema watakwenda safari moja zaidi, mwezi wa Juni, na Jumamosi atakuja mwenyewe kuona. Baba akiweza kulinywesha gari bila kushikiwa mkono, hatasema neno tena. Asipoweza, atachukua funguo pale pale. Surinder alikubali upesi sana, maana alikuwa ameshapiga hesabu zake. Wangefika Ijumaa. Jumamosi mwanawe akija, tangi lingekuwa limejaa, chai ya tangawizi iko mezani, na Avtar amekaa kwenye kiti cha turubai kama bwana shamba.

Ijumaa hiyo aliendesha kutoka Hounslow na moyo wake mwepesi. Alipoingia getini na kuzima injini kwenye kiwanja chao, gari dogo la kijivu likasimama nyuma yake. Lilikuwa la Balwinder. Alikuwa amewafuata njia nzima, mji mzima, tangu mtaani kwao.

"Nilipata nafasi leo," akasema.

Surinder alimtazama mwanawe akajua kwamba mtoto aliyemlea mwenyewe amemzidi ujanja. Akataka kushuka kutafuta kandambili. Balwinder alikuwa amesimama pale pale penye ngazi, akamshika mkono kwa adabu, akamrudisha ndani.

"Mama, kaa tu. Leo pumzika."

Basi akakaa, dirisha limefunguliwa, mikono magotini. Mkono mwekundu wa koki aliuona kutoka alipokuwa. Ulikuwa wazi.

Avtar alishuka akiwa mchangamfu. Alifungua kisanduku cha ubavuni, akautoa mpira wa buluu, akaukunjua vizuri. Akapachika ncha moja kwenye bomba. Akachukua funguo alizopewa na Surinder, akafungua kifuniko cha tundu la maji, akazitia mfukoni. Surinder alianza kuamini. Kisha Avtar akasimama na ncha ya pili mkononi, akaitazama, akalitazama gari, akautazama tena mpira. Upepo ulipita juu ya miti. Avtar akautia mpira tunduni, akaenda kwenye bomba, akalifungua lote kwa mkupuo mmoja, na maji yakatoka chini ya gari kwa kishindo na kuvilowesha viatu vya mwanawe vya ofisini.

Balwinder alikwenda akalifunga bomba. Alirudi akamwekea baba yake mkono begani.

"Basi, Dad. Umejitahidi. Inatosha."

Hiyo "inatosha" ndiyo iliyomkata Surinder maini, kwa sababu ilisemwa kwa mapenzi matupu. Avtar alikuwa amesimama katikati ya majani yaliyolowa, mikono imening'inia, akitabasamu lile tabasamu la dirishani Hounslow, la mtu anayesubiri aambiwe pa kukaa. Balwinder alinyoosha kiganja apewe funguo, na Avtar, kwa utiifu, akaanza kuzitafuta mfukoni.

Surinder hakupanga alichokifanya. Kilikuja chenyewe, kutoka upande wa pili wa ukuta mrefu, na kilitoka kwa sauti ambayo si yake, sauti kavu ya mwanamume aliyesimama mikono nyuma.

"Chini?"

Mkono wa Avtar ukaganda mfukoni.

"Chini?" Surinder akarudia, kwa ukali zaidi.

Mgongo wa Avtar ulinyooka. Akageuka, akapita mbele ya mwanawe kama anayepita nguzo, akainama penye ngazi na kuusukuma mkono mwekundu mpaka mwisho. Akausukuma mara ya pili kuhakikisha.

"Pamefungwa," akasema.

"Mdomo?"

Akauchomoa mpira, akavuta leso yake, akaufuta mdomo wa mpira ndani na nje. "Umefutwa."

"Mpira?"

Alitembea toka bomba mpaka garini, akaukung'uta palipojikunja, akautia tena tunduni. "Umenyooka."

"Pumzi?"

Hapo alinyanyua macho dirishani, maana pumzi ya gari hili, pa kutolea hewa ya tangi, ilikuwa bomba la sinki, na bomba la sinki lilikuwa upande wa Surinder. Surinder akalifungua. Hewa ikatoka na mluzi mdogo.

"Iko wazi," akasema Avtar.

"Haya, mpe."

Akafungua bomba taratibu, robo, nusu. Maji yakaingia. Avtar aliweka kiganja kwenye bati la gari akainamisha kichwa, na uso wake ukawa na umri ambao Surinder hakuwa ameuona kwa miaka mingi.

"Anakunywa," akasema.

Surinder alijifunika mdomo kwa ncha ya mtandio wake, dupatta. Alilia, na akajikasirikia pia. Miaka miwili alimfichia, akasukuma koki kwa mguu kama mwizi, akiamini anamhifadhia heshima yake, kumbe dawa ilikuwa kumwita. Hakuwa ameukumbuka wito ule tangu waondoke Tabora. Alimkumbuka kijana tu.

Tangi lilipojaa maji yalichuruzika kwenye tundu, na Avtar akafunga bomba mwenyewe, bila kuitwa, akatangaza kwamba ameshiba, akazitoa funguo na kumwekea Balwinder kiganjani.

Balwinder hakuwa amesogea. Alikuwa ameelewa kila neno, na Surinder alijua kwamba ameelewa. Aliingia ndani na viatu vyake vikilia maji, akauliza kwa Kiingereza yale yalikuwa nini, na mama yake akamsimulia habari za Fundi Mrisho na injini iliyofia porini. Hakumwambia habari za ukuta na sauti. Hayo hayakuwa ya mtoto.

"Hakuweza peke yake," Balwinder akasema mwishowe.

"Hata Tabora hakufanya peke yake. Hakuna aliyefanya peke yake. Ndivyo kazi ilivyokuwa."

Balwinder alicheka kidogo, akajipangusa uso, akaziweka funguo mezani. Alishuka, akainama akagusa miguu ya baba yake kuaga, na Avtar akamwekea mkono kichwani akamwombea maisha marefu. Kisha gari la kijivu likaondoka polepole kuelekea getini.

Surinder aliinjika chai. Alikuwa ameshinda. Alisema moyoni neno hilo hilo, nimeshinda, akaongeza tangawizi. Avtar alipanda ngazi, akaketi mkabala naye, miguu imelowa, amechoka na kufurahi.

"Kijana mzuri yule," akasema.

"Nani?"

"Yule aliyelowa viatu. Ana adabu. Ni wa hapa kambini?"

Surinder alilitua birika. Mezani kati yao zilikuwapo funguo. Mtu angeweza kunyamaza. Alikuwa bingwa wa kunyamaza. Angesema ndiyo, ni wa hapa, kunywa chai yako, na wangerudi tena Julai, tena Agosti, na hakuna ambaye angejua. Lakini hakukuwa na koki ya kusukuma kwa kidole gumba kwa jambo kama hili, na mwanamke huyu ambaye miaka miwili alibeba mzigo bila kuyumba hakuweza kuubeba peke yake tena.

Alizima jiko, akatoka mbio. Kambi nzima ilimwona bibi mfupi katika kandambili akikimbiza gari. Zipporah, aliyekuwa anataka kuliinua boriti la getini, alimwona akalishikilia. Surinder alifika akihema, akagonga kioo. Balwinder alikishusha.

"Baba yako hakukujua," akasema. Alilisema hivyo hivyo, bila kulivisha nguo. "Ameniuliza wewe ni nani. Na koki nilikuwa naifunga mimi, miaka miwili. Nilikudanganya."

Balwinder alitazama mbele, mikono kwenye usukani. Surinder alingoja hasira. Haikuja.

"Najua, Mama," akasema kwa Kiingereza. "Mwezi uliopita, ulipokwenda gurdwara nikakaa naye, aliniuliza nimetumwa na kampuni gani. Nikamwambia ya gesi."

"Ya gesi?"

"Akanipeleka kwenye mita. Nikasoma mita."

"Ukaisoma?"

"Nikaisoma. Akanishukuru, akanitoa mpaka mlangoni."

Surinder alicheka, kicheko kikageuka katikati, akashika mlango wa gari. Zipporah akatazama upande mwingine kwa heshima.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Na wewe?" Balwinder akajibu. Kisha, kwa sauti ya chini: "Mimi sikuogopa maji. Niliogopa siku atakayokuuliza wewe swali hilo, na mko wawili tu huku, na usiwe na wa kumwambia."

Hilo Surinder hakuwa amelifikiria, au alilifikiria na kulifukuza. Alisimama pale getini akamtazama mtoto wake, ndevu zake zenye mvi, viatu vilivyoharibika, akaona kwamba kwa muda wote huo walikuwa wawili wanaombeba mtu mmoja, kila mmoja gizani, wakigongana.

"Geuza gari," akamwambia. "Chai ipo. Utalala kwenye kile kiti kirefu, miguu itatokeza, lakini utalala."

Balwinder aligeuza gari. Usiku huo miguu yake ilitokeza kweli, na Avtar, ambaye hakuuliza mgeni ni wa nani, alimfunika kwa koti lake.

Asubuhi walikoga, walipika, waliosha vyombo, na tangi likapungua. Avtar alifungua kisanduku, akautoa mpira wa buluu. Balwinder alikuwa nje tayari, suruali ameikunja, pekupeku. Surinder alikuwa dirishani.

"Jina lako nani, kijana?" Avtar akauliza.

"Balwinder."

Avtar akafurahi. "Jina zuri. Hata mwanangu anaitwa hivyo. Ningependa kumfundisha kazi hii, lakini ana shughuli nyingi, hana nafasi."

Surinder alimwona mwanawe anausogelea mpira. Halafu, kwa Kiswahili, kile alichokisikiliza kupitia ukutani utoto wake wote na hakuwahi kumjibu nacho mtu, Balwinder akasema:

"Mimi ninayo."

"Basi shika huku," Avtar akamwambia, akimpa ncha ya mpira. "Na usiukanyage."